Herufi za Chaki

Ramadhani iliyopita vijana wa Kasese walifanya maonyesho ya sanaa za mfungo katika ukumbi mmoja wa mjini, wakanialika. Nilikuta nyota za mbao zilizokatwa kwa mashine, taa za karatasi zilizotobolewa matundu mpaka mwanga ukamwagika sakafuni kama mchele, na salamu za mwezi mtukufu zilizochorwa kwenye simu kisha zikachapishwa Kampala. Binti mmoja mwenye hijabu ya kijivu alinishika mkono akanipeleka hadi ukuta wa mwisho, mbele ya picha ya mwanamke aliyeketi mkekani katikati ya vipande vya vitenge. "Ni kweli huyu alikufundisha wewe?" aliniuliza. Nikasema ni kweli, na nikamuuliza anaendeleaje, kwa sababu kutoka Fort Portal ninakoishi nilikuwa sijamtembelea tangu mvua za mwisho. Binti akanitazama, akaviringisha ncha ya hijabu yake kidoleni, akasema, "Mama, si tulimzika kabla ya mwezi kuandama?" Baadaye waliniomba niseme maneno machache juu ya marehemu Hajati Rehema wa Bwera. Nilisema alikuwa fundi hodari na mtu wa watu, nikaketi. Ukumbi ulipiga makofi, nami nikajua sijasema kitu. Nilichopaswa kusema ni habari za mwaka mmoja tu, na zilihitaji nafasi kubwa kuliko ile waliyonipa.

Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule na sijui la kufanya. Ya kwetu Munkunyu nitayaacha. Itoshe kusema baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na alikubali nikajifunze cherehani kwa Mwislamu kwa sababu Bwera nzima ilikubaliana kwamba hapakuwa na aliyemzidi. Watu walimwita Hajati ingawa hakuwahi kufika Makka. Mwanzoni alikuwa akiwakatalia, kisha akachoka, akawa anaitika huku akitazama pembeni. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kikitazama barabara iendayo mpakani, na malori yalipopita sindano zilizokuwa mezani zilitikisika. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na magunia ya vipande vya vitenge alivyoletewa na mafundi wa sokoni na wanawake waliovuka kutoka Kongo. Mmoja wao, Mama Furaha wa Kasindi, alikuwa akitua gunia mlangoni na kupaza sauti, "Hajati, nakuletea kuleri zote ya dunia! Kazi yako iko kuipanga tu." Naye alizipanga hizo rangi. Vipande ambavyo wengine waliwashia moto, yeye alivikata pembe tatu na miraba, akaviunga kuwa nyota za pembe nane, nyota ikishikana na nyota, mpaka kitambaa kikajaa na jicho lisijue lianzie wapi. Hakuweka mtu wala mnyama. Nilipomuuliza sababu alisema, "Ya batu na nyama, Mungu alishamaliza. Mimi nafanya hesabu tu."

Mwaka ule kamati ya msikiti ilimwomba pazia kubwa la kutundika uani, mahali ambapo watu wangefuturu pamoja mwezi mzima. Miaka yote ua ule ulikuwa na maturubai ya bluu tu, na vijana walikuwa wameanza kusema kwamba harusi zinapambwa kuliko Ramadhani. Hajati alipanga nyota pande zote, na katikati kitambaa cheusi chenye maneno mawili kwa Kiarabu, Ramadhani Karimu. Yeye mwenyewe alisoma vizuri lakini hakuupenda mwandiko wake. Mwandiko ulikuwa wa mumewe, Mzee Yusufu, shofere wa lori la saruji aliyepakia Hima na kushusha Beni na Butembo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vumbi la kijivu kwenye nyusi hata akitoka kuoga. Malori mengi yaliyovuka mpaka wa Mpondwe yalikuwa na Bismillahi ya mkono wake juu ya kioo cha mbele. Hawakujaliwa mtoto, na waliongea wao kwa wao kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwa watu wazima, kama watu wanaoendeleza mazungumzo yaleyale tangu jana yake.

Siku aliyoandika Mzee Yusufu nilikuwapo. Alinawa, akavua viatu, akapiga magoti juu ya kile kitambaa cheusi tulichokivuta mimi na Hajati kila mtu upande wake, akatoa kipande cha chaki nyeupe ya fundi. "Sasa mutu asipumue," alisema, na Hajati akacheka mpaka kitambaa kikatikisika, ikabidi tuanze upya. Aliandika akirudi nyuma kwa magoti, kutoka kulia kwenda kushoto, mkono wote ukitembea tangu begani; katikati Hajati alicheka tena, na chaki ikapanda kidogo. Alipomaliza alisimama akayatazama maneno yake, akapangusa chaki kwenye suruali. "Ukishona fuata mukono yangu hivyohivyo," alimwambia mkewe. "Usininyooshe." Tulikula obundu, lile bonge la unga wa muhogo ambalo mvuke wake huchoma vidole, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu wa Katunguru. Alisifu sombe mara mbili. Hajati akakikunja kitambaa taratibu, akakifunika kwa gazeti ili chaki isifutike. Siku chache baadaye Mzee Yusufu alikuwa kwenye foleni ya forodha Mpondwe. Alijilaza kwenye kabini mchana akisubiri karatasi zake, na mwenzake wa nyuma alipogonga dirisha ili foleni isogee, hakuamka.

Nimehudhuria misiba mingi tangu hapo, wa baba ukiwemo, lakini nikisikia neno msiba huwa naona chumba kile cha mbele kikiwa kimeondolewa meza na kujaa wanawake sakafuni, na magunia ya vitenge yamesukumwa kwenye kona kama wageni wasiojulikana na mtu. Baada ya mazishi Hajati alianza eda. Nilikuwa sijui ni nini, akanieleza kwa sauti ileile aliyotumia kunieleza upindo: mjane hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, havai nguo za kung'aa. Alivaa gauni moja la rangi ya majivu na mtandio wake. Siku chache alikaa chumba cha nyuma akitazama ukuta. Kisha asubuhi moja nilimkuta chumba cha mbele, amevuta gunia katikati ya magoti, anachambua vipande, vyekundu huku, vya njano kule. "Mwezi unakuja," alisema bila kuinua macho, "na pazia iko nusu."

Maneno yalianza jikoni. Wanawake waliokuja kumsaidia kupika walidhani kelele za maji zinawaziba. "Cherehani inalia nyumba ya matanga," mmoja alisema. Mwingine akajibu, "Mume hajapoa udongoni, yeye iko nacheza na langi. Na ule mutoto Mukristo anamusaidia." Nilimtazama Hajati. Alikuwa ameyasikia yote. Aliuma uzi, akafunga fundo, akachukua kipande kingine. Kwa kuwa hakutoka, alinituma mimi msikitini kupima ua kwa kamba, na niliporudi aliniuliza maswali ambayo sikuwa nimeyafikiria: jua la jioni linapiga ukuta gani, watoto wanakaa wapi, watu wazima wakiinua macho kutoka kwenye sahani wanaona nini. Nilirudi tena kwenda kutazama. Nadhani ndipo nilipoanza kuona, maana kabla ya hapo nilikuwa nashona tu.

Mfungo ulipoingia nilianza kula chakula changu cha mchana nyuma ya jiko, nimeinama. Alinifuata huko siku ya kwanza. "Kwa nini unakula kama mwizi? Mimi ndiye nimefunga. Kaa kwa meza ule, kazi inataka nguvu." Jioni tulifuturu wawili, uji wa mtama, tende, chai ya tangawizi. Siku za mwanzo alitoa vikombe vitatu kabatini, akavitazama, akarudisha kimoja. 

Ilikuwa mchana wa wiki ya kwanza kaka yangu Bwambale alipofika kutoka Munkunyu, jasho limemlowa, hataki hata kukaa. "Kabugho, panga nguo yako. Baba amesema turudi leo." Nikamuuliza kisa. "Batu ya kanisa nasema unashona vitu ya msikiti. Sasa na mwenye nyumba amekufa. Wewe unakaa hapa kama nani?" Kabla sijajibu Hajati alitokea mlangoni mwa ndani, amejifunika vizuri, akamsalimu kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu, na kumuuliza habari za wazazi, za shamba la pamba, za mvua. Bwambale alilazimika kujibu moja baada ya moja, na kila jibu lilimpunguza ukali. "Umetoka mbali," alimwambia. "Utaenda naye kama anataka. Kwanza ule." Kaka alishtuka. "Mama, nasikia iko mwezi yenu. Wewe haukule." Akamjibu, "Mimi nimefunga. Wewe iko mugeni."

Aliingia jikoni mwenyewe, akanikataza kumsaidia. Tulikaa mimi na kaka tukisikia mwiko unavyogonga sufuria na harufu ya samaki ikija, na sote wawili tulikuwa tunajua kwamba anayepika hajatia kitu mdomoni tangu kabla ya alfajiri. Aliandaa meza, akamnawisha mikono, akarudi mkekani na sindano yake. Bwambale alikula polepole, macho kwenye sahani. Alipomaliza alisimama mbele ya pazia lililotandikwa mezani akaweka kidole juu ya nyota moja ya kijani yenye maua ya kahawia. "Hii nguo mama anayo," alisema. "Ile ya kuendea kanisa." Hajati akasema, "Basi mama yenu naye iko humu ndani." Kaka akachukua kofia yake. Mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Nitaambia baba unakula vizuri." Lakini baba hakutulizwa na hilo. Siku ya soko alimtuma mtu na neno fupi: nisiporudi kabla ya Jumapili, nisirudi kabisa. Jumapili ikapita. Nililia nimelalia gunia la vitenge, na Hajati hakuniambia nyamaza wala nenda wala baki. Alikaa karibu yangu mpaka kulia kukaisha.

Mpaka hapo alikuwa hajagusa kile kitambaa cheusi. Kilikuwa chini ya godoro lake, ndani ya gazeti lake, na mimi sikuthubutu kukiulizia. Kilichomlazimisha ni wanaume watatu wa kamati waliokuja alasiri moja wakaketi barazani. Hajati alikaa ndani nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, mimi miguuni pake. Msemaji alikuwa Haji Swaibu, mwenye malori, mwajiri wa Mzee Yusufu kwa miaka mingi, mtu mnene wa sauti nzito. "Mama, pole tena," alisema. "Tumekaa kama kamati. Batu banasema mjane hawezi kushika mapambo, na maneno ya dini hayawezi kushonwa na mutoto Mukristo. Tumeona tulete bango ya plastiki kutoka Kampala. Wewe upumuzike." Imamu kijana aliyekuwa naye alikohoa, akasema kwa upole, "Haji, eda inamkataza mjane kujipamba yeye. Haimkatazi kazi ya mikono." Haji Swaibu hakumgeukia. "Mimi sisemi sheria. Nasema batu." Kisha Hajati akasema kutoka nyuma ya mlango, "Kabugho ameshona nyota. Maneno nitashona mimi. Na maneno yenyewe yameshaandikwa." Haji akauliza, "Yameandikwa na nani?"

Hajati alikwenda chumbani akarudi na lile gazeti, akaniwekea mikononi. Nilitoka nalo barazani. Imamu alinisaidia kukikunjua kitambaa, yeye ncha moja mimi ncha nyingine, jua likakipiga. Chaki ilikuwa imefifia. Mahali pa mikunjo ilikuwa imejichapa upande wa pili, kivuli cha herufi kilichogeuka kinyumenyume, na ncha ya kushoto, iliyokuwa nje ya mkunjo, ilikuwa imefutika. Lakini iliyobaki ilisomeka. Haji Swaibu aliinuka kwenye kiti. Alisogea, akaufuata mstari kwa kidole hewani bila kuugusa, kuanzia kulia. "Huyu ni Yusufu," alisema. "Huyu ni Yusufu kabisa." Akajifuta uso kwa kofia yake, akashuka ngazi za baraza na kwenda kusimama barabarani akitugeuzia mgongo. Wale wengine walimsubiri. Hakurudi kukaa. Aliinua mkono tu kuelekea mlangoni, akasema, "Mama, shona. Shona mbio, kabla hiyo chaki haijaisha."

Alishona kwa utepe wa kitenge cha njano, akianza kulia kama alivyoanza mumewe. Alikifunga kitambaa kwenye fremu ya kitanda tuliyoisimamisha chumba cha mbele ili kisikunjwe tena, na hakuna aliyeruhusiwa kukisogelea na kanga inayopepea. Alifuata mkono wa Mzee Yusufu hata pale ulipoyumba. Kulikuwa na mahali katikati ambapo mstari ulipanda kidogo, pale alipocheka yeye mwenyewe na kitambaa kikatikisika, na alipofika hapo alisimamisha sindano muda mrefu. Niliendelea na upindo wangu bila kugeuka. Tulifanya kazi hivyo mchana baada ya mchana, yeye na njaa yake, mimi na habari za nyumbani zilizokatika, na sijui kama kuna watu nimewahi kuwa karibu nao kuliko nilivyokuwa karibu naye siku zile ambazo karibu hatukusema kitu.

Ilibaki herufi ya mwisho, mim, ile iliyofutika. Ilionekana duara yake tu, tena kwa kuikisia; mkia haukuwapo. Nilipendekeza tumwite imamu. Akakataa. Nikasema labda tutazame Bismillahi kwenye lori lolote, pana mim ya Mzee, tuinakili. Alifikiri sana juu ya hilo. Kisha akasema, "Hapana. Ile aliandikia lori." Alinawa mikono, akachukua chaki, akapiga magoti. Mkia alioushusha ulikuwa mfupi kuliko mikia ya mumewe kwenye malori, umesimama wima, wenye woga kidogo mwanzoni. Aliutazama. Nilidhani ataufuta aanze tena, maana kwenye kazi nyingine alikuwa akinifumulisha kwa kosa dogo kuliko hilo. Akachukua utepe akaanza kushona. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya maneno yote mawili mpaka kikafika kwenye ule mkia. "Mpaka hapa ni yeye," alisema. "Hapa ni mimi." Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza mbele yangu, paji la uso limeegemea mbao za kitanda.

Pazia lilitundikwa mwanzoni mwa kumi la mwisho la mfungo. Vijana wa msikiti walilibeba mabegani, mimi nikifuata na pini mdomoni. Jioni ile, adhana ilipolia na watu wakafungua tende, jua lilikuwa linapita chini ya ukingo wa paa na kupiga nyota zote kwa wakati mmoja, kama alivyopanga yeye asiyekuwapo. Wanawake waliokuwa wakimsema Hajati jikoni walikuwapo, na mmoja wao alisimama na kikombe mkononi akasahau kunywa. Watoto walitafuta nguo za mama zao kwenye nyota na kuonyeshana. Haji Swaibu alifuturu ameligeuzia pazia mgongo. Baadaye tu, watu walipokwisha kuondoka, aligeuka akalisoma. Nilirudi kwa Hajati nikamweleza yote, mtu kwa mtu. Alitaka kujua nani alikaa wapi, uso wa nani ulifanya nini. Aliponisikia nimemaliza alisema, "Tena. Anza na watoto."

Eda iliisha baada ya Idi, mvua zikiwa zimeshaanza. Asubuhi hiyo alioga, akavaa gauni la samawati, akasimama kizingitini huku ameshika mlango. Nilidhani tunakwenda msikitini, au sokoni kwa Mama Furaha. Aliniambia, "Chukua mufuko yako. Twende Munkunyu." Nilimwambia baba alishasema. "Nimesikia alichosema," alijibu. "Na mimi nilikaa ndani siwezi kumujibu. Leo naweza." Dereva wa Haji Swaibu alitupakia mbele ya lori mpaka njia panda, tukamalizia kwa miguu katikati ya mashamba ya pamba, yeye akishika gauni lake juu ya matope na kusimama mara kwa mara kutazama mbali, kama mtu aliyesahau kwamba dunia ina umbali.

Baba alikuwa uani akinoa jembe. Alituona tangu mbali na hakuinuka. Mama alitoka jikoni akaweka mikono kifuani, Bwambale nyuma yake. Hajati alisimama mwanzo wa ua, akasalimia kwa Lhukonzo, kisha akasema, "Baba Kabugho, mulinipa mutoto wenu wakati niko na mume. Mume akafa, yeye akabaki. Watu wangu walinikimbia, yeye akabaki. Nimekuja mumuone kwamba ni muzima, na nimekuja kusema asante. Kama hamumutaki, mimi namutaka. Lakini sitamuchukua bila nyinyi." Baba aliendelea kushika jembe. Alimtazama Hajati, akanitazama mimi, na nikaona amezeeka miezi ile. Hatimaye aliliweka chini, akaingia ndani, akatoka na kiti, kile cha kwake mwenyewe, akakifuta kwa mkono wa shati. "Karibu, mama," alisema. "Pole na msiba. Sikuja kuzika. Ilikuwa nije."

Mama alipakua. Tuliketi sote kuzunguka chakula, na nikaogopa, kwa sababu baba alikuwa mtu wa sala ndefu za sauti kubwa, zenye majina yote ya imani yake, na hakuwahi kufupisha kwa ajili ya mtu. Aliinamisha kichwa. Hajati alifungua viganja vyake juu ya magoti. Tulisubiri. Mvuke ulipanda kutoka kwenye obundu, kuku wakapita, na baba hakutamka neno hata moja. Midomo yake tu ndiyo iliyokuwa ikicheza, kwa muda mrefu, macho yamefumbwa kabisa. Kisha akasema, "Amina." Hajati akasema, "Amina," akapitisha viganja usoni, na mama akasogeza sahani ya kwanza mbele yake.